Kikombe cha Bati Ukutani

Wapendwa, kaeni. Na ninyi wa nyuma mnaopenda viti vya karibu na mlango ili mkitoka msionekane, leo nawaombeni msogee mbele kidogo. Nina jambo ambalo likisikika nusu ni afadhali lisisikike kabisa.

Somo mmelisikia likisomwa, sitalirudia. Nitawapa mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kugeuza shingo mkitafuta nani anasemwa. Mama wenyeviti wa jumuiya, msinikodolee macho. Atakayeguswa na aguswe kimyakimya, akifika nyumbani ataamua mwenyewe la kufanya.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji mmoja wa huku bara, mji wenye stesheni ya treni na vumbi jingi. Mama huyu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na alikuwa mama mzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu tumezoea mifano ambayo mwenye kosa ni mtu mbaya, tukiisikiliza tunastarehe, tunasema huyo si mimi. Huyu alikuwa akiamka kuomba kabla jogoo hajawika. Msiba ukitokea mtaani, sufuria lake ndilo lililotangulia kufika. Alikuwa mjane, aliwalea watoto wake kwa kuuza vitumbua sokoni, wakasoma, wakaenda zao mijini. Mimi nikiumwa na kutafuta mtu wa kuniombea, ningemtafuta mama wa namna hiyo.

Alikuwa amepanga katika nyumba ndefu, zile mnazozijua: korido katikati, vyumba huku na huku, bomba na choo uani. Nyumba haikuwa na dari. Ukuta wa chumba na chumba uliishia usawa wa kenchi, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati. Nani kati yenu hajaishi nyumba hiyo? Jirani akikaanga vitunguu, unajua. Akikohoa, unajua. Akigombana na mkewe unajua mpaka ugomvi ulikoanzia, na kesho yake mnaamkiana uani kana kwamba hujasikia kitu.

Nyuma ya ukuta wa sebule ya mama huyu alikaa fundi cherehani. Watu wengine wa mfano huu sitawapa majina, ila huyu nampa. Aliitwa Elikana. Nimempa jina kwa sababu jina lake lina kazi humu, mtaiona mbele.

Elikana alikuwa mtu wa makamo, anaishi peke yake. Alibatizwa utotoni, akaoa kanisani, mke akafariki, naye akapoa. Jumapili sisi tukipita na Biblia kwapani, yeye yuko uani anafua mashuka. Hakuwa na ubaya na mtu. Ila alikuwa na tabia ya mafundi, na ya mafundi mnaijua, sina haja ya kuwahubiria. Unapeleka kitambaa, unaambiwa njoo Jumatano. Jumatano unaambiwa imebaki mikono tu. Na siku ambayo kitambaa chako hajakigusa kabisa, unabisha hodi mpaka kidole kinauma, naye yumo ndani, amebana pumzi. Akina mama wa mtaa walimzoea hivyo, wakamsema hivyo, na nguo wakaendelea kumpelekea, maana mkono wake ulikuwa mzuri.

Sasa mchungaji wao akatangaza wiki ya mfungo wa kuombea majirani. Kila jumuiya ichague jirani mmoja aliyepoa au asiyeamini, wamtaje kwa jina kila jioni, na Jumapili wahitimishe kwa ibada, wote wakiwa ndani ya sare. Ni wazo jema. Hata mimi ningelitangaza. Mama mwenyekiti akasema, sisi tutamwombea fundi Elikana. Wenzake wakakubali, wengine wakicheka kwamba labda akiokoka atajua Jumatano ni siku gani.

Na hizo sare, mnadhani zilishonwa na nani? Na Elikana. Kitenge cha bluu chenye maua ya manjano, kila mama kwa kipimo chake. Alizimaliza zote isipokuwa blauzi moja, ya mama mwenyekiti, kwa sababu mteja wa mbali humalizwa mapema, lakini jirani huambiwa, mama, wewe si upo tu.

Jumatano ya wiki ile, asubuhi, mama akiwa ameshakwenda sokoni, Elikana alikaa kitandani anashona vifungo vya blauzi ile. Mlango ameutia komeo kwa ndani ili wateja wasimwingilie. Kiharusi kikamkuta hapo. Upande wake wa kulia ukafa, akaanguka chini kati ya kitanda na ukuta. Mkono wa kulia, ule wa mkasi na sindano, haukumsikia tena. Ulimi nao ukalala mdomoni kama si wake. Akili ilibaki nzima, na masikio yalibaki mazima. Hilo la masikio naomba mlishike.

Mchana akaja mteja, akabisha hodi. Elikana akajitahidi, akapiga teke kigoda kwa mguu uliobaki hai, kigoda kikaanguka. Mteja akasikia kishindo. Alisema nini? Alisema, “Fundi, nimekusikia umo. Jifiche tu.” Akaenda zake amenuna. Na wewe ungesema nini? Mimi ningesema hivyohivyo.

Jioni jumuiya wakakusanyika sebuleni kwa mama, upande wa pili wa ukuta uleule. Hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Uji wa kufungulia ulikuwa jikoni unatokota, una tangawizi, na harufu yake inapita juu ya ukuta kwenda kwa jirani kama harufu zote za nyumba ile. Mama akafungua kikao kwa kuwakumbusha kwamba wamekusanyika kwa ajili ya jirani yao, fundi Elikana. Akalitaja jina vizuri, kwa sauti yake ya uenyekiti. Wakaimba wimbo, wakasoma, wakaimba tena. Ulipofika wakati wa maombi, mama akasema hili ataliomba mwenyewe. Akaomba akilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli.

“Baba, mkumbuke Elikana. Unamjua Elikana, yuko hapahapa nyuma ya ukuta huu. Bisha kwenye moyo wake, Baba. Usichoke kubisha mpaka afungue.”

Ndipo ukuta ukagongwa. Ngo. Ngo. Ngo. Taratibu, mlio wa bati kwenye plasta. Upande wa mama palikuwa na kalenda ya kanisa, imetundikwa kwenye msumari uliolegea. Kalenda ikacheza, ikaanguka chini.

Maombi yakakatika. Alikuwepo binti mmoja, ameolewa juzijuzi, mgeni katika jumuiya, taratibu hajazizoea. Akafumbua macho, akauliza kwa sauti ndogo kama si vizuri wakamwangalie.

Mwimbishaji wao, mama mmoja wa sauti nene, akamjibu kwa upole tu. “Mwanangu, maombi hayakatishwi katikati. Huyo ni adui ameguswa. Huoni ameangusha mpaka kalenda?” Akapandisha pambio, wote wakaitikia, na makofi.

Nataka tusimame hapa kidogo. Mnaona chuki yoyote hapo? Mimi siioni. Nauona utaratibu. Sote tumefundishwa hivyo: ukiwa katika maombi simu ikilia ni adui, mtoto akilia ni adui, jirani akigonga ni adui. Tumempa adui kazi nyingi ambazo hakuziomba. Naye Elikana alikuwa amelala ubavu chini ya ukuta, kikombe cha bati mkononi, mkono wa kushoto ambao haujazoea kazi, anagonga. Wao wakizidisha makofi, yeye anazidisha kugonga. Alijaribu na sauti, ikatoka kooni bila maneno, ikamezwa na pambio.

Wakamaliza. Wakanywa uji. Mama akaiokota kalenda, akaifuta vumbi, akaitundika tena mahali pake. Wakatoka kwa korido mmoja mmoja, wakapita mlangoni kwa Elikana, pamefungwa na hakuna taa. Mmoja akasema, leo fundi amejificha mapema, lazima kuna nguo ya mtu ameiharibu. Wakacheka, wakaagana. Mama alipojilaza akasikia ng'ambo ya ukuta kama mtu anakoroma vibaya, akasikitika kwamba jirani ameanza pombe. Akamwombea na hilo la pombe. Kisha akalala.

Alhamisi mama akashinda sokoni na sinia lake la vitumbua. Jioni wakakusanyika tena. Wakalitaja jina tena, na ukuta ukagongwa tena, lakini safari hii kidogo, unasikia, halafu husikii. Mama mwenyekiti akajisikia vibaya. Aliona wanamkera mtu. Akawaambia wenzake kwamba fundi anagonga kwa sababu ya makelele, na kwamba hawawezi kumleta mtu kwa Bwana kwa kumnyima usingizi. Akashauri kesho wakutanie kwa mwimbishaji, ng'ambo ya barabara, ili jirani apumzike.

Mnaona busara hiyo? Ningekuwepo ningeisifu. Watu walimheshimu jirani yao, na kwa heshima hiyo wakamwondokea.

Ijumaa wakamwombea wakiwa ng'ambo ya barabara, kwa uhuru, kwa sauti kubwa, na hakuna kitu kilichowasumbua. Walirudi makwao wakisema leo maombi yalikuwa mepesi, leo mbingu zilikuwa wazi. Inaniuma kulisema hilo, na nimelitunga mwenyewe.

Jumamosi mama hakwenda sokoni. Kesho yake ni ibada ya kuhitimisha, na blauzi yake bado iko kwa fundi. Akatoka, akaenda kwenye mlango wa Elikana, akabisha hodi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kubisha hodi pale tangu mfungo uanze. Alikuwa amemwomba Mungu abishe, na sasa anabisha yeye, lakini anabisha kwa ajili ya blauzi. Kimya. Naye mbinu za mafundi anazijua, hakubabaika. Akaleta kigoda chake, akapanda, akachungulia kwenye wavu wa juu ya mlango aone angalau kama kitambaa chake kimekatwa.

Blauzi aliiona. Imekwisha, imetupwa kitandani, bado kifungo cha juu tu, na sindano inaning'inia kwenye uzi. Akafurahi. Halafu akauona mguu.

Sitawasimulia makelele yaliyofuata. Vijana wakaja, komeo likavunjwa. Elikana alikuwa hai. Alikuwa ameegemea ukuta, midomo imepasuka kwa kiu, na kikombe cha bati bado amekishika, kikavu. Ukutani, chini, usawa wa mtu aliyelala, plasta ilikuwa imemeguka alama nyinginyingi za mviringo wa ukingo wa kikombe, na unga wake umemwangukia kichwani na usoni. Mama aliona na kitu kingine, hakukielewa siku ile. Sakafuni, kwenye vumbi la nyuzi na vipande vya vitambaa, palikuwa na njia ya mtu aliyejiburuta. Ilitoka ukutani, ikapita chini ya cherehani, ikafika karibu kabisa na mlango. Kisha ikageuka, ikarudi ukutani.

Wakampakia kwenye bajaji, wakamfikisha hospitali. Daktari akauliza hali hii imeanza lini, na hakuna aliyeweza kumjibu. Alipompima akasema angeletwa siku ileile huenda mkono ungerudi. Sasa uhai wataupigania, mkono wausahau. Mkono wa fundi cherehani, wapendwa.

Jumapili ibada ya kuhitimisha ilifanyika. Jumuiya ile walisimama mbele wamevaa sare, walikuwa wamependeza, na hakuna hata mmoja aliyejua aitazameje nguo aliyovaa. Mama mwenyekiti hakuwepo. Alikuwa wodini.

Akawa anakwenda kila siku. Dada yake Elikana alikuja kutoka kijijini kumuuguza, lakini mama hakuacha kwenda na chupa yake ya uji. Akamlisha kwa kijiko, akamfulia, akamgeuza kitandani pamoja na yule dada. Alikuwa anafanya kwa mikono kile ambacho wiki nzima alikifanya kwa mdomo, na alikuwa anakifanya vizuri, kama nilivyowaambia ni mama mzuri. Ila alikuwa amechelewa, na mwenyewe alijua.

Ulimi wa Elikana ukaanza kurudi, mzito, neno moja linamchosha kama mtu anayebeba gunia. Siku moja mama hakuweza kujizuia. Ile njia ya sakafuni ilikuwa haimpi usingizi. Akaweka kijiko chini, akamuuliza.

“Fundi, mlango ulikuwa umeshaufikia. Korido ile haikosi watu. Kwa nini ulirudi ukutani?”

Elikana akaumeza uji uliokuwa mdomoni. Halafu akajibu, kidogo kidogo, anapumzika katikati.

“Nilikuwa nafika. Nikasikia jina langu.” Akapumzika. “Nikasema, kumbe wanajua nipo. Nikarudi, niwagongee. Nilijua mtakuja.”

Mnasikia, wapendwa? Mtu alikuwa amebakiza kidogo afike mlangoni. Alikuwa amejiburuta tangu mteja alipoondoka, kwa mkono mmoja na mguu mmoja. Nje ya mlango ule wanapita watu. Anapita mlevi wa chumba cha mwisho, anapita muuza maji, wanapita watoto wakitoka kucheza. Angekwaruza tu ubao kwa kucha, mmoja wao angeinama kutazama. Na hao wote hawamwombei. Ndipo akasikia upande wa pili watu wa Mungu wanalitaja jina lake. Elikana, Elikana. Akauacha mlango wa wasiomwombea, akaufuata ukuta wa wanaomwombea, akamalizia nguvu zake zote pale.

Kwa nini? Kwa sababu alitusadiki.

Hatukumuumiza kwa kumsahau, tulimuumiza kwa kumtaja. Tungenyamaza jioni ile, tukanywa uji wetu tukalala, Elikana angefika mlangoni, angefika hospitali, na leo angekuwa anawadanganya watu kuhusu Jumatano. Haya ni maneno magumu, nayasema kwa huzuni, wala sina furaha nayo.

Sisemi tusiombe. Asitoke mtu hapa akaseme mhubiri kakataza maombi. Ninachosema ni kwamba ukilitaja jina la mtu mbele za Mungu, kuna ahadi umeitoa, hata kama hukukusudia. Na mara nyingi mwenye jina anasikia. Nyumba tunayokaa na dunia haina dari. Tunaimba, wanasikia. Tunaweka spika juu ya paa, mtaa mzima unajua tunampenda nani. Mtu anaandika kwenye kundi la simu, niombeeni, mambo yangu si mazuri. Tunafanya nini sisi? Tunaweka vile viganja viwili. Huyu viganja, yule viganja, na amina, na amina kubwa, mpaka kioo cha simu kinajaa. Yule mtu ameshika simu gizani anahesabu viganja vyetu, anajiambia, kumbe wanajua nipo. Watakuja. Na sisi tumeshafunga simu, tunasonga ugali.

Yuko dada humu mtaani kwetu, tunamtaja kila Jumatano kwenye maombi ya wenye ndoa zenye matatizo. Ni nani amekwenda kukaa naye jikoni? Yuko kijana tumemwombea kazi mwaka mzima. Ni nani humu ana duka, ana karakana, ana gereji, akamwambia njoo kesho ushike spana? Wako wazee wetu wasiotoka tena ndani, majina yao tunayasoma kila Jumapili, tena kwa sauti nzuri. Wakisikia majina yao kupitia dirishani, wanafikiri nini? Wasije wakawa wanageuka kutoka mlangoni, wanarudi ukutani kutungoja sisi.

Na wakigonga tunasema nini? Tunasema adui. Au tukiwa wastaarabu zaidi, tunasema tusiwakere, tuhamie ng'ambo ya barabara. Kule maombi ni mepesi. Jihadharini na maombi mepesi, ndugu zangu. Yawezekana mbingu ziko wazi kweli, na yawezekana pia tumesogea tu mbali na anayegonga.

Mtaniuliza yule mama aliishia wapi. Elikana alipotoka hospitali, dada yake alimchukua kijijini, na cherehani ikapakiwa juu ya basi. Mama alikwenda stendi kuwasindikiza. Alitaka kuomba msamaha, akaishia kumtakia safari njema. Elikana akampa mkono wa kushoto, akasema uji ulikuwa mzuri, basi likaondoka. Chumba kile amepanga mtu mwingine, ukuta umepigwa plasta upya. Blauzi mama anayo sandukuni. Sindano anayo, uzi anao, na kifungo cha juu hajakishona mpaka leo. Huanza, akakiweka chini.

Mimi simlaumu. Mimi na ninyi ndio tuliokuwa sebuleni.

Sasa nilikuwa nimeandaa sala ya kufunga, nimeandika hata majina ya wahitaji wetu kama kawaida. Sitaisoma. Nitayataja majina matatu tu: mama Nasikiwa aliyevunjika nyonga, anakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Mzee Barnaba, ambaye macho yamekwisha. Na yule kijana Yoramu aliyetoka jela, ambaye mnavuka barabara mkimwona. Mmewasikia. Na wao, kuta zilivyo nyembamba mtaani kwetu, yawezekana wamesikia.

Inukeni. Msinipe mikono mlangoni, nendeni. Amina ya leo nimeibakiza kwangu. Mkirudi kutoka kwao, nitakuwa nimekaa hapahapa, tutaisema pamoja.